Kilo Nane

Daktari aliniambia nipunguze kilo nane katika wiki nane. Mimi nikaongeza tatu.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo pekee nililo na hakika nalo. Mengine nimeyageuzageuza kichwani mpaka yamechakaa, na siku hizi siwezi kuapa ni lipi lilisemwa kweli na lipi nililitunga mwenyewe nikiwa nimelala chali, nikitazama mabati. Lakini kilo zilipimwa. Ziliandikwa kwenye faili, mbele ya mjomba wangu, na hakuna namna ya kuzifikiria upya.

Mama yangu ana ugonjwa wa ini. Ulitokana na virusi ambavyo hakuna ajuaye alivipata wapi wala lini. Vilikaa kimya ndani yake miaka mingi, akilima, akikamua mbuzi, akiongoza kina mama wa kanisa, na vilipojitokeza macho yake yalikuwa yamegeuka rangi ya manjano na tumbo limejaa maji. Daktari wa Nairobi alituonyesha kwa mkono. Akakunjua kiganja, akasema ini zuri ni laini namna hii. Kisha akafumba ngumi. "La mama ni hivi." Dawa zingepunguza mwendo tu. Kilichobaki kilikuwa kupandikizwa ini jingine, India, na ini hilo lingetoka kwa ndugu wa damu aliye hai. Wangekata sehemu yake na kumpa mama, na sehemu iliyobaki kwa yule ndugu ingekua tena baada ya miezi michache.

Nililishika sana hilo neno la kukua tena. Nilikuwa nikilirudia njiani kama mtu aliyetumwa dukani na anaogopa kusahau.

Ndugu wa damu tulikuwa wanne. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mlinzi huko Qatar, alipimwa hukohuko na damu yake haikulingana na ya mama. Mama mdogo, dada yake mama aliyeolewa Mutomo, ana sukari. Mjomba, kaka yao, damu yake ilifaa lakini ana presha na umri umepita. Nikabaki mimi: miaka ishirini na tano, damu sawa na ya mama, shahada ya takwimu, kazi hakuna. Baba alishafariki nikiwa shule ya msingi. Nyumbani kwetu, upande wa Kathonzweni, tulikuwa wawili tu, mama na mimi niliyerudi baada ya kusaga lami bila kupata kazi, huku nikijifanya nimekuja kumwangalia.

Habari za gharama sitaziandika. Zilishughulikiwa na kanisa na ukoo, na kwa kweli hazikuwa ndizo zilizotuangusha. Waliokuwa na kazi ya kutafuta walitafuta wakapata. Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta ini.

Siku ya vipimo vya kwanza daktari alimtoa mjomba chumbani, akafunga mlango, akanisogezea kiti.

"Unataka kufanya hivi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Nani amekuambia ufanye?"

"Hakuna."

"Sikiliza, kijana. Kama hutaki, niambie mimi. Leo, kesho, hata ukiwa umeshavaa gauni la upasuaji. Mimi nitaiambia familia kwamba vipimo havikufaa. Sitasema zaidi. Hakuna atakayejua."

Nikamwambia nataka. Nilikuwa nasema kweli. Lakini nilipotoka pale nilikuwa nimeondoka na kitu ambacho sikuja nacho, nacho ni kujua kwamba kuna mlango wa nyuma. Mtu mwingine angeusahau. Mimi niliupima upana, nikaangalia bawaba zake, nikajiuliza ni wangapi waliowahi kuupitia, na kama mama zao walijua. Usiku huo kwenye simu nilisoma habari za watoaji waliokufa mezani. Ni wachache sana. Nimesomea takwimu, najua maana ya uwezekano mdogo. Najua pia kwamba anayeangukia upande ule mdogo huwa ameuangukia mzimamzima.

Majibu tulipewa pamoja, mimi na mjomba. Daktari aligeuza skrini tuone. Palikuwa na kivuli cha kijivu ambacho alisema ni mimi.

"Ini lako lina mafuta," akasema. "Si ugonjwa bado. Lakini hatuwezi kumpa mgonjwa ini la namna hii, na kile kipande utakachobaki nacho wewe hakitakuwa na nguvu. Punguza kilo nane. Hakuna soda, hakuna vya kukaangwa, nyama ya mafuta hapana, sukari hapana. Utembee kila siku. Rudi baada ya wiki nane."

"Kilo nane," mjomba akasema, akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni kama anayetafuta zitatolewa wapi.

"Anaweza," daktari akasema. "Ni kijana."

Mjomba alikuwa na mzigo wa kuchukua Makindu, kwa hiyo tulirudi kwa barabara ya Mombasa. Mchana tukaingia kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa dini wala kabila. Unaketi chini kwenye mkeka, mtu anapita na ndoo anakupakulia. Chapati zilikuwa zimepakwa samli. Palikuwa na dengu, na wali uliopikwa kwa maziwa na sukari. Kusaza pale si adabu. Nilikula nikijiambia kwamba wiki nane zinaanza kesho, kwamba mtu haanzi kujinyima akiwa safarini, kwamba chakula cha sadaka kina hesabu yake. Mjomba alimaliza chake, akatazama sahani yangu, akatazama pembeni. Nilidhani amesahau maneno ya daktari.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo mtu atadhani nilikuwa mlafi tu.

Kwa Wakamba mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la baba yake mama. Mimi ndiye wa pili. Kwa hiyo kwa mama yangu mimi ni mwanawe, lakini pia ni baba yake. Ananiita "asa", neno la kumwita baba, tangu nikiwa na siku saba. Mjomba na mama mdogo wananiita hivyohivyo, na si mzaha mtupu. Mama mdogo akija kututembelea huniletea asali, maana babu alipenda asali, na mara moja moja huniletea tumbaku ya kunusa niliyoiweka kabatini na kamwe sijaigusa. Na baba akiwa nyumbani kwa binti yake hupikiwa. Huletewa kilicho bora, na hukila, kwa sababu baba anayekataa sahani nyumbani kwa bintiye ameondoka na baraka zake.

Babu alikuwa mtu mkubwa. Picha yake iko sebuleni, amejaza kiti. Mimi utotoni nilikuwa mwembamba, na mama alihesabu wembamba ule kama deni lake. Ukame ulipokuja, watu wa kwetu hawakusema fulani ana njaa. Walisema fulani amepungua. Kupungua ndilo neno la msiba unaokuja. Sasa mimi nirudi kutoka Nairobi nimwambie mgonjwa, mwanamke aliyepungua mpaka mifupa ya mabega inaonekana chini ya kitenge, kwamba nimeagizwa nipungue?

Nilipanga kumwambia. Niliandaa sentensi tatu na kuzikariri. Nilipofika alikuwa ameketi jikoni kwenye kigoda, miguu imevimba, anakoroga muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, akiyakaanga kwa kitunguu na mafuta yaliyokuwa yakirukaruka.

"Asa, umerudi. Wamesemaje?"

"Wamesema damu inalingana."

"Hilo tunalijua. Na mengine?"

"Wamesema nirudi baada ya wiki nane."

"Wiki nane," akasema, akaanza kuhesabu kwa vidole, mwiko ukiwa bado mkononi. "Basi tuna wakati wa kukutengeneza. Mtu haendi kukatwa akiwa hivi."

Akanipakulia. Yeye mwenyewe chakula kilikuwa kimeshamshinda. Chumvi alikatazwa, nyama ilimtia kichefuchefu, kijiko cha nne kilikuwa mlima. Alikuwa akiketi mbele yangu, mikono mapajani, ananitazama nikitafuna.

"Ongeza," anasema.

"Nimeshiba, mwaitu," namjibu, yaani mama.

"Umeshiba wapi? Mimi nikiona unakula ni kama nimekula mimi."

Niambieni ningefanyaje na maneno hayo. Niliyawaza kila upande. Nikikataa, nakataa chakula cha mgonjwa aliyesimama kwa shida kukipika. Nikimwambia sababu, namwambia kwamba kitu pekee anachoweza bado kufanya kwa mikono yake ndicho kinachomuua. Nikila, namuua kimyakimya. Katika njia hizo tatu, moja tu ndiyo iliyokuwa na utulivu wa jioni ile, mama akitabasamu, fizi zake zikivuja damu. Nikala.

Asubuhi nilitembea. Nataka hilo lijulikane. Nilitembea hadi sokoni na kurudi, na kuna siku nilikimbia, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa anachota maji kwenye bwawa la mchanga kule mtoni akaniuliza kwa sauti kuu nani amekufa. Sokoni nilijipima kwenye mizani ya mfanyabiashara wa ndengu, yaani choroko, ile ya kupimia magunia. Nilimwomba mara ya kwanza, akacheka. Mara ya pili akawa ananingoja.

"Leo unauzwa kwa kilo ngapi?"

"Pima tu."

"Themanini na nne. Wewe unapanda bei, graduate! Shika hapohapo, usiuze bado."

"Ilikuwa themanini na tatu."

"Ni unyevu. Ndengu pia hufanya hivyo, ikianikwa inapungua. Nenda ukaanikwe."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka, na nikarudi nyumbani nikanywa chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, kwa sababu ilikuwa imeshatiwa.

Wiki ya tano mama mdogo alivuka mto Athi kutoka Mutomo akiwa na mbuzi. Mbuzi dume, amehasiwa, mnene mpaka anatembea akitikisika. Alikuwa amemweka kwa ajili ya harusi ya mwanawe, na sasa alikuwa amembadilishia kazi.

"Huyu ni wa asa," akasema, akimfunga kwenye mti. "Ataingia kwenye meza ya Wahindi akiwa na nguvu."

Mjomba ndiye aliyechinja. Ini lilitolewa likiwa bado linatoa mvuke, likachomwa kwanza, na badala ya kugawanywa kama kawaida likaletwa lote mbele yangu kwenye sinia, limepakwa mafuta ya utumbo na chumvi.

"Lote?" nikauliza.

"Ini hujenga ini," mama mdogo akasema. "Unatoa lako, unarudisha la mbuzi. Hesabu si ndiyo ulisomea?"

"Mama mdogo, mwili haufanyi hivyo."

"Sikiliza mzee wangu anavyobishana! Baba alikuwa anamaliza mguu mzima, halafu anauliza kichwa kiko wapi. Na hakusoma."

Wakacheka. Nilimtazama mjomba. Alikuwa amekaa chumbani kwa daktari pamoja nami, aliona kile kivuli kwenye skrini, alisikia neno mafuta likitamkwa mara mbili. Nilingoja aseme. Nilisema moyoni, akisema yeye nitaunga mkono, na itakuwa imetoka kwa mtu mzima. Alikuwa anafuta kisu kwa jani. Alikifuta muda mrefu, upande huu na upande ule, kisha akasema, "Kula, asa, litapoa," akatoka nje kuangalia ngozi.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, shuka mabegani ijapokuwa kulikuwa na jua. Alikuwa akinitazama tu.

Nikala ini lote.

Jumapili hiyo kanisani tuliombewa. Wapo waliokuwa wakinong'ona tangu mwanzo kwamba ini huharibiwa na pombe, na kwamba huwezi kujua mtu anakunywa nini mlango ukifungwa. Mama, ambaye hajawahi kuonja hata divai ya harusi, aliyajua maneno hayo na aliketi kiti cha mbele hivyohivyo. Mchungaji akaniita nisimame na watu wakaniwekea mikono tumboni. Waliweka upande wa kushoto. Ini liko kulia. Nilisogea kidogo, mikono ikanifuata kushoto. Nilisogea tena. Maombi yaliisha bado hayajafika, na nilirudi kwenye benchi nikiwa na wasiwasi wa kweli, nikijiuliza kama kuna adabu ya kuomba yarudiwe.

Mizani ya pili Nairobi ilisema themanini na sita. Safari hii daktari hakugeuza skrini.

"Imekuwaje?" akaniuliza. Mjomba alikuwa ameketi pembeni yangu, kofia magotini.

"Nilijaribu."

"Mafuta yameongezeka. Siwezi kupeleka faili hili India. Ukianza leo, kwa bidii, tunaweza kupima tena baada ya miezi mitatu." Akafungua faili la mama, akalisoma muda. "Sijui kama yeye ana miezi mitatu ya kusafiri. Tujaribu."

Mlangoni, mjomba akiwa ametangulia, daktari akanishika kiwiko. "Kama uliamua," akasema kwa sauti ya chini, "si kosa."

"Sikuamua."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu mwema. Sikuweza kujua kama ameniamini, na kufikia ngazi za chini sikuwa na hakika kama mimi mwenyewe nimejiamini. Maana lile alilolisema siku ya kwanza, kwamba familia ingeambiwa vipimo havikufaa, ndilo hasa ambalo familia ilikuwa inakwenda kuambiwa. Ukiniweka mimi niliyekula kwa upendo karibu na mwoga aliyepita mlango wa nyuma, tumetoka na karatasi moja.

Kaka alipiga simu siku hiyohiyo.

"Vipimo havikufaa," akarudia maneno yangu.

"Mafuta."

"Mafuta. Wewe, uliyekuwa unaitwa sindano."

"Nimenenepa."

"Watu huko wanatafuta mvua, wewe unanenepa." Nilisikia lori likirudi nyuma mahali fulani alipokuwa. "Niambie kitu kimoja tu. Uliogopa?"

"Niliogopa. Lakini si hivyo."

"Sawa," akasema. Tangu siku hiyo humpigia mama moja kwa moja.

Baada ya hapo nilipungua. Ilikuwa rahisi, na urahisi wake ndio unaonitesa. Mama hakuwa tena na nguvu za kukaa jikoni. Nilipika mwenyewe sukuma na ugali mdogo, nikaacha sukari, nikatembea asubuhi na jioni. Yule wa ndengu aliacha mizaha. Wiki ya sita alisoma namba, akanitazama usoni, akaniuliza kama ninaumwa. Nilifika sabini na tano, nikapita, nikafika sabini na tatu. Suruali ya mahafali ilinitosha tena.

Mama upande wake alikuwa anajaa. Kila baada ya wiki mbili tulikuwa tunampeleka hospitali kutolewa maji tumboni, mtungi wa kwanza, mtungi wa pili, rangi ya chai iliyopauka. Kisha likaja lile la kichwa. Ini lisipochuja, sumu hupanda mpaka ubongoni. Alianza kuweka viatu kwenye sufuria. Alasiri moja alinisalimia kwa heshima na kuniuliza nimetoka wapi na nimekuja kumwona nani. Kuna dawa ya majimaji matamu anayokunywa ya kumfungua tumbo. Ikifanya kazi, akili inarudi, hasa asubuhi. Ikipita saa sita hivi, anaanza tena kuondoka.

Skani ya tatu ilikuwa safi. Daktari aliigeuza tuone, na hata mimi niliona tofauti: kivuli kilikuwa cheusi, kimetulia. "Hili ni ini la kufundishia wanafunzi," akasema, kisha akajutia kulisema. Akavuta karatasi za mama za wiki ile. Figo zilikuwa zimeanza kufuata. Moyo ulikuwa dhaifu. Akasema hakuna daktari wa upasuaji atakayemlaza mezani akiwa hivi, na hata ndege hawezi kupanda. Akasema turudi nyumbani tumtunze, asiumie, asiogope.

"Wiki ngapi?" nikauliza.

"Usihesabu," akasema.

Mjomba aliendesha mpaka tukapita mji wa Wote. Kisha nikauliza, kwa sababu hapakuwa tena na cha kuharibu.

"Mjomba, siku ile ya mbuzi. Kwa nini hukusema?"

Akapunguza mwendo. Punda walikuwa wanavuka na mitungi ya maji.

"Nilikuwa nimeshasema."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yako. Siku ileile tuliyotoka Makindu, wewe ukiwa umekwenda kuoga. Mtu hawezi kuambiwa kitu kama kile na daktari halafu anyamaze. Nilimwambia, huyu asipopungua hafai."

"Akasemaje?"

"Akauliza kama kukatwa kunaweza kukuua. Nikamwambia daktari amesema ni nadra. Akaniuliza, nadra ni nini."

"Ukamwambia?"

"Nimwambie nini, asa? Msomi ni wewe." Akabadilisha gia. "Akasema ninyamaze. Akasema wewe ni mtu mzima, utakula unachotaka."

Sikulia. Nilianza kupanga, kama kawaida yangu. Pengine alisahau, kichwa chake kilikuwa kimeanza mambo yake mapema kuliko tulivyojua. Pengine hakuamini, kwa sababu kwake kunenepa ni afya na daktari wa Nairobi hajui ukame. Au alielewa vizuri kabisa, na alikaa pale kwenye kigoda na miguu yake iliyovimba akinikaangia, jioni baada ya jioni, ili nisifae. Na mimi nikaona ninayotendewa ni mapishi tu. Au niliona. Hilo nalo lipo, kwamba pengine niliona, na nikasogeza sahani ijazwe.

Zimepita wiki tatu. Yu hai. Asubuhi yuko wazi, ananiuliza kama nimelala, ananituma nikawaangalie kuku, ananisimulia jambo la babu ambalo sijawahi kulisikia. Zipo kama saa mbili tatu. Ningeweza kumuuliza. Kila asubuhi naingia nikiwa na swali limekamilika, na kila asubuhi nalipima upya nikiwa mlangoni. Akisema hakujua, basi ni ukimya wangu uliomfikisha hapa. Akisema alijua, basi nimenunuliwa, na aliyeninunua hakuniuliza, na nitatakiwa kuishi maisha yenye thamani hiyo, mimi ambaye sijapata hata kazi. Sijui ni jibu gani ninaloliogopa zaidi. Najua tu kwamba asubuhi hizi zina idadi, hata kama daktari amenikataza kuhesabu.

Jana nilianza.

"Mwaitu, ile siku mama mdogo alileta mbuzi..."

Alikuwa ameegemea mito, amefunga kitambaa vizuri kichwani. Aligeuza macho yake ya manjano akanitazama, na yalikuwa yako wazi kabisa.

"Mbuzi gani?"

Mjomba akapiga honi nje. Ilikuwa siku ya kutoa maji.

"Si kitu," nikasema. "Inuka taratibu. Nishike shingoni."

Akanishika. Nilimbeba mpaka kwenye gari. Upande wa maji alikuwa mzito, na mwingine wote hakuwa na uzito wowote. Tuliporudi ilikuwa saa tisa, na alikuwa ameshaanza kuniuliza mimi ni wa nani.